Maneno Matano

Kila baada ya miaka minne Leelo hubisha hodi,
theluji ya Tartu mabegani, fomu mkobani.

"Nitataja maneno matano, mzee. Yashike."
Ndoo. Jirani. Fedha. Ngazi. Plamu.
Kisha mapigo ya moyo, kisha saa za usingizi,
kisha: ni watu wangapi unaoweza kuwapigia simu usiku?
Heino anahesabu, anarudia kuhesabu,
anasema chai inapoa.

"Haya, yale maneno?"

Anatazama dirisha. Vidole vinapapasa meza
kama vinatafuta miwani.
"Kengele," anasema. "Uzi. Daraja. Limau. Askari."

Hata moja si la leo.
Leelo anaandika sifuri, maana sifuri ndiyo sahihi,
anafunga mkoba, anavaa kiatu kimoja,
cha pili kinabaki mkononi.

Kengele, uzi, daraja:
orodha ya ziara iliyopita,
mwaka ule Marju alipokuwa akiropoka majibu kutoka jikoni
na wote watatu wakacheka, jaribio likaharibika.

"Uliniambia niyashike," anasema Heino.
"Hukusema niyaachilie lini."