Chumvi ya Buswelu

Fundi Masalu aliifungua mashine ya kufulia
akanionyesha utumbo wake: waya wa kuchemshia
umevaa chokaa, nene kama ukoko wa ugali.
"Mama, sabuni umeisingizia. Ni kisima chako."

Kisima changu! Nimelipia mita tisini za mwamba,
ziwa nikiliona dirishani,
bomba la mtaa likikoroma hewa tu.

Basi tukafunga mtungi wa kulainisha maji,
wa bluu, umesimama stoo kama mgeni aliyekataa kiti.
Unakula chumvi. Gunia zima kwa miezi miwili.
Nikacheka: chumvi ndiyo ilainishe?

Jumamosi nikapima sabuni kwa mazoea,
vifuniko vitatu.
Povu likatoka kwenye droo, likashuka, likafika kwenye zulia;
Kabula akapiga makofi.

Sasa ni kifuniko kimoja. Taulo zimekumbuka kunyonya.
Kola ya sare haimkwaruzi tena shingo.

Ila mama yangu, akija kutoka Kayenze,
husugua vidole chini ya bomba, akavinusa:
"Yanateleza kama ya kule ziwani.
Na haya nayo umeyanunua?"