Hesabu ya Ng'ambo

Mto Mwekundu hauna wekundu wowote.
Machi hii barafu inabanduka kama ukoko wa sufuria,
na kutoka dirisha la jikoni, hapa Fargo,
naziona taa za Moorhead. Jimbo jingine.
Dakika sita kwa gari.

Nabintu anafanya kazi kule, anapikia shule.
Alijifungua Januari. Yuko nyumbani, analipwa.
Wiki kumi na mbili!
Nilidhani ananitania. Nikamwambia rudia, akarudia,
mtoto amemlalia kifuani
kama mtu asiye na miadi.

Mimi huku nageuza wazee vitandani,
kila saa mbili, ubavu huu, ubavu ule, wasipate vidonda.
Ofisini walinipa karatasi: likizo ipo,
mshahara haupo.
Ukaribishwe mezani, uonyeshwe picha ya ugali.

Mama hupiga simu kutoka Baraka.
"Mwanangu, mtoto huja na sahani yake."
Kweli, mama. Eca alikuja nayo, tupu.
Nilikaa naye siku kumi na moja.
Ya kumi na mbili nikavaa sare,
maziwa yakapenya, madoa mawili,
mbele ya Bi Lorraine wa chumba cha tisa,
asiyekumbuka jina la mwanawe mwenyewe,
akanishika mkono, akauliza:
"Mdogo umemwacha na nani?"
Sikujibu. Niligeuza mto wake, upande wa baridi.

Sasa Eca ana miaka mitano, anataka mdogo wake
kama anavyotaka baiskeli.
Usiku Asukulu na mimi tunanong'ona
kama wezi wanaogawana.
Nyuma ya bili ya umeme ameandika kodi, gari, nepi,
akaandika tena kodi.
Hamu yetu hakuiandika. Ingeandikwa mstari gani?

Kuna mto wa kulalia na kuna mto wa maji.
Kichwa changu kiko juu ya mmoja,
tumbo langu linangoja kuvuka wa pili.

Maana kule pia kuna nyumba ya wazee.
Vitanda vilevile, mbavu zilezile,
senti arobaini pungufu kwa saa.
Fomu nimeijaza hadi ukurasa wa mwisho,
jina, anwani, chanjo ya homa,
nikakwama kwenye swali moja dogo,
nikamsomea Asukulu kwa sauti:
"Unaweza kuanza lini?"

Hakucheka. Alinitazama,
kisha akanipokonya kalamu.