Kiriba cha Mawese

Mama, nilikuja kuomba yale ya chini ya pipa,
yale mazito yenye mchanga na nyuzi za chikichi,
ambayo hata Nyabuha wa sabuni huyakataa.
"Unakwenda kumpikia nani?" ukauliza,
mikono yako myekundu hadi viwikoni.
Nikasema: wadudu.
Simbo nzima ilinicheka mpaka jua likazama.

Ni wadogo, mama. Elfu moja wakipanga foleni
hawavuki upana wa punje ya mtama.
Niliwaokota palepale uani kwako,
kwenye tope la shimo la kukamulia,
tope ulilonikataza kulikanyaga na viatu vya shule.
Sasa wanaishi mjini, nyuma ya stesheni,
ndani ya chupa inayotikiswa usiku kucha,
nyuzi joto thelathini.
Umeme ukikatika nawatikisa kwa mkono,
nikihesabu, mpaka jenereta ya jirani iamke.

Siri yao ni hii:
ukiwapa kila kitu, wanazaana tu.
Wape mafuta tele, kisha wanyime naitrojeni,
wanaacha kuzaa, wanaanza kuweka akiba.
Kwenye hadubini kila mmoja amevimba,
amejaa vidonge vyeupe vinavyong'aa,
kama wewe mwaka ule mihogo ilipooza,
ulipoficha debe la maharage uvunguni
ukatuambia hakuna kitu.

Nami ndiye mwizi wa akiba.
Nawapasua, nawaosha, nakausha.
Lita zako mbili za masimbi
zimenipa unga wa kujaa kikombe cha kahawa.
Nikauyeyusha, nikaukandamiza,
nikapata kiriba kimoja, rangi ya jino la mvuta tumbaku.
Ukakijaza udongo, ukapanda mche wa mchikichi,
ukakiita mjukuu.

Viriba vyeusi tunavijua.
Hubaki shambani sisi tukishaondoka.
Jembe huvifukua. Mbuzi wa Ntahondi alikufa navyo tumboni.
Mvua huvishusha hadi Luiche,
na Luiche haina choyo, vyote hupeleka ziwani.
Hiki kitarudi udongoni, nilikwambia,
kitaliwa na ndugu za waliokitengeneza.

Kikarudi kweli. Kikarudi mapema mno.
Mvua hazijafika nusu, kitako kikatoboka,
mizizi ikachungulia
kama vidole kwenye soksi.
Mkubwa wangu akaandika daftarini: jaribio limeshindwa.
Akapiga mstari chini yake, kwa rula.

Wewe ukauchukua mche vilevile ulivyo,
ukachimba shimo karibu na choo cha zamani,
ukautumbukiza, kiriba na vyote,
ukashindilia kwa kisigino.
"Kina haraka," ukasema. "Kifundishe subira."
Kisha ukarudi kwenye moto wako,
maana mawese yalikuwa yanachemka
na wanunuzi wa Mwandiga hawangoji mtu.

Mama,
pipa limebaki na kiasi gani?