Siku Tisa za Aprili

Barua imeingia saa tano usiku. Umeme umekatika Pasua nzima,
laptopu inatafuna asilimia thelathini na moja zilizobaki:
Kifurushi chako, mfongo, kimeshindwa majaribio mawili.
Rekebisha kabla ya tarehe kumi na tisa, au kitatolewa ghalani.
Imeandikwa na mashine. Mashine haijui shikamoo.

Mchana mimi ni karani wa duka la vipuri,
nahesabu beringi na fenibelti.
Usiku nalea kitu kisichoniita mama:
mistari elfu mbili mia tatu na kumi
katika lugha yenye jina la herufi moja,
lugha ya bure ya watu wa takwimu.
Wanaokitumia siwajui. Mmoja yuko Mbulu, anapima visima.
Mmoja aliandika kutoka milima ya Peru, amefura,
grafu yake imepinda. Nikainyoosha. Hakurudi.
Maji yakipita, nani huuliza aliyezibua?
Yakikatika, jina langu ndilo la kwanza kwenye ukurasa.

Nilikiita mfongo kwa ajili ya Uru,
ule mfereji wa juu, kwa kina Makundi.
Zamu ya ukoo wetu ilikuwa Jumanne:
alfajiri, majembe, tope hadi magotini,
na aliyekwepa msaragambo alitozwa debe la mbege.
Huku hakuna debe. Asiyekuja haji,
na mfereji wa watu wote
una jembe moja.

Nimefungua, nimechimba. Kosa si langu,
na hilo ndilo linaloudhi.
Ni la kifurushi kilicho juu yangu, nilichokiegemea miaka sita:
wamegeuza neno moja katika toleo jipya, kimyakimya,
na sasa kila siku isiyo na kipimo
inasomwa sifuri.

Jaribio lililoanguka ni daftari la baba.
Ndetaramo, kipimamvua nyuma ya zizi,
saa tatu kamili asubuhi, miaka ishirini na saba, kwa penseli:
4.5. 0. 0. 12. Manyunyu, hayapimiki.
Sifuri yake ilikuwa neno. Alitoka, akainama, akachungulia,
akakuta pakavu, akaandika pakavu.
Kisha Aprili ile, tarehe kumi na moja hadi kumi na tisa,
karatasi nyeupe.
Mvua ilinyesha, jamani. Nakumbuka gari la wagonjwa
likikwama mteremko wa Kishumundu, wanaume wakisukuma.
Nakumbuka viatu vya wabeba jeneza.
Hapakuwa na mtu wa kuinama.
Kuanzia tarehe ishirini mwandiko ni wangu, wa darasa la sita,
nambari zimelala upande kama migomba baada ya upepo.

Na mashine inaniambia: ukame, siku tisa.

Asilimia kumi na nne.
Ningeweza kulifuta lile jaribio. Nani angejua?
Ningewaandikia wale wa juu matusi ya Kichaga,
nao wasingeelewa, nami ningelala.
Nimewaandikia kwa adabu, na mfano wa mistari mitano.
Kisha nikaweka kizuizi changu mwenyewe mdomoni mwa mfereji:
kisichojulikana kipite kama kisichojulikana.
Mistari mitatu. Saa mbili na nusu kuipata.

Majaribio mia moja na nane. Yanapita moja moja,
lile la baba la mwisho, kwa sababu nililipa jina linaloanza na Z
nisilione mapema.
Limepita.
Toleo 0.4.2. Kwenye orodha ya mabadiliko nimeandika sentensi moja:
Siku isiyopimwa inabaki wazi.
Nikatuma kwa bando la simu, asilimia tatu, kioo kikazima.

Alfajiri yameanza kugonga mabati, taratibu, halafu kwa kishindo.
Sina kipimamvua hapa mjini, sijawahi kununua.
Nilisimama mlangoni na kikombe changu
na sikuandika kitu.