Sentimita Nne

Januari kiuno chake kilikuwa sabini na mbili.
Nimekiandika ukutani kwa chaki,
maana daftari la vipimo lililowa mvua ya Krismasi.
Obedi, kidato cha pili, suruali mbili za kijivu.
"Acha nafasi," alisema mama yake, "mtoto anakua."

Nikaacha. Sentimita nne za kitambaa,
zimekunjwa ndani ya mshono
kama akiba ya mjane.

Juni, Makambako. Upepo unayajaribu mabati ya kila mtu.
Alfajiri nikifungua mlango giza bado,
wanafunzi wanapita kuwahi namba,
sweta zimevutwa hadi kwenye vidole,
na Obedi nyuma yao
anatembea kama aliyeazimwa miguu.

Kabla ya likizo akaja na suruali mkononi.
Kifungo kilishakimbia.
Nikazungusha futi: sabini na sita.
Mama yake akaanza: ni mandazi, ni soda, ni uvivu,
baba yake hadi leo ni mwembamba kama reli.
Shuleni wanamwita Tani Kumi.
Obedi akatazama sakafu,
akawa anasogeza nyuzi kwa kidole cha mguu.

Mimi najua kitu, maana mimi ndiye ninayekesha.
Msimu wa sare mguu wangu hautoki kwenye pedali hadi saa nane.
Chumba chake na changu vinagawana ukuta,
na mwanga wa simu yake unamwagika uani, wa buluu,
saa tano, saa sita, saa saba.
Kisha nasikia mfuniko wa sufuria,
polepole,
mwizi anayeiba kwao:
viazi vya jioni, wali uliogandia chini, sukari kwenye kiganja.
Usiku una mdomo wake.
Asubuhi chai anaiacha inapoa mezani,
tumbo lake limehamia saa nyingine.

Basi nikamvuta pembeni, nikajiona mwenye hekima.
"Mwanangu, si mandazi. Ni saa.
Mwili una zamu zake. Ukiula usiku,
nao usiku utakula asubuhi yako."
Nikapenda nilivyosema. Karibu nirudie.

Alisubiri nimalize, ana adabu yule mtoto.
Kisha akasema, bila kunitazama:
"Fundi, nalalaje na cherehani yako?
Ikianza, kitanda kinatetemeka.
Nawasha simu nisiisikie.
Nikishaiwasha nakuwa macho.
Nikiwa macho, njaa inakuja."

Futi ilikuwa shingoni kwangu. Ikawa nzito.

Nikaufumua mshono.
Sentimita nne zikatoka, kijivu kimekolea
kuliko suruali yote, hazijawahi kuona jua.
Hela sikuchukua.

Usiku ule saa tatu nilifunika mashine kwa gunia.
Sare thelathini zilikuwa chini, zinanidai.
Nikajilaza. Usingizi haukuja,
mguu ulikuwa bado unakanyaga hewa.
Nje uani mwanga wa buluu ukawaka.
Ukazima.
Ukawaka tena.
Lori likapita kuelekea Tunduma, likapotea na mlio wake,
ikabaki baridi
na sisi wawili, kila mmoja upande wake wa ukuta,
tunausikiliza ukimya
kama wageni walioambiwa wasubiri.