Ngao ya Babu Mepukori

Ngozi ya ng'ombe naichukua machinjioni ikiwa bado na joto.
Ya nyati siku hizi ni kesi.
Naipakia kwenye toroli, naisukuma hadi Ngarenaro,
nyuma ya gereji ya Lazaro,
mbwa wananifuata kama jamaa wa marehemu.

Kuiloweka. Kuiwamba juani, vigingi ishirini na nane,
ikauke huku ikinuna.
Ngozi isiyonuna haikingi kitu, alisema babu.
Kisha nyundo, taratibu, mpaka itoe mlio
wa mlango wa mtu asiyependa wageni.
Ukingo naufunga kwa kano. Nailoni ingekuwa rahisi,
nilishaijaribu, inakata.

Halafu rangi.
Nyeupe ni chokaa. Nyeusi ni makaa na maziwa kidogo.
Nyekundu ni udongo, nauchimba mwenyewe, sisemi wapi.
Mistari hii ni ya rika, ile ni ya ukoo:
anayekujia kutoka mbali asome kwanza,
ndipo achague kurusha mkuki
au kuuliza habari za mifugo.

Na hapa, juu kushoto, duara.
Hilo hujichorei. Unachorewa,
mbele ya watu, ukishatenda jambo.

Babu Mepukori alichorewa.
Mwaka gani, kwa jambo gani, bibi hakusema,
ila hili tu: alfajiri moja alishuka na ngao mtoni Themi,
akaisugua kwa mchanga na majani ya msasa
hadi jua likamkuta.
Akarudi, akaitundika juu ya mtungi.
Pale palipokuwa na duara pakabaki doa,
rangi ya ulimi.
Watoto tukiuliza, tulitumwa kuchota maji.

Meneja wa hoteli ya Njiro aliagiza kumi na mbili,
za ukutani, mapokezi.
Amekuja na futi kamba, amezihesabu mara mbili,
ameigonga ya mwisho kwa ukucha.
"Hii umesahau hapa. Weka duara kama zile nyingine."
"Hiyo imekamilika."
"Nitakukata elfu kumi."
"Kata."

Amekata.

Jioni naosha mikono kwenye ndoo.
Udongo umeng'ang'ania mistari ya kiganja.
Naongeza mchanga, nasugua,
najiuliza yeye alisugua kwa muda gani,
na kama kule chini, mto unakopinda,
kulikuwa na mtu aliyeinama na kibuyu
akaona maji yanapita mekundu
akasubiri.