Njia Haikupatikana

Bando la usiku huanza saa sita.
Nimelinunua kwa hela ya kuziba pancha mbili,
na hadi mashine iwake, iungurume, ijikumbuke,
ni saa saba kasoro, Barabara ya Kumi na Nne imelala,
isipokuwa paka wa Mwanasiti muuza bajia
na mimi, ndani ya kibanda cha baba cha baiskeli,
kompyuta juu ya pipa la grisi,
maana ni hapa tu, kati ya rimu na minyororo,
mtandao unapofika vistari vitatu.

Ninashusha lugha.
Ndivyo tunavyosema: kushusha,
kama robota la katani kutoka kwenye lori.
Nyumbani zipo tatu tayari:
Kidigo cha bibi, cha kugombeza na kubembeleza;
Kiswahili, cha mengine yote;
Kiingereza cha daftari, kinachonuka chaki.
Zile mbili za kwanza hakuna aliyenisakinishia.
Ziliingia zenyewe kwa mlango wa jikoni,
bila kuniuliza kama nakubali masharti.
Hii inauliza. Kurasa kumi na mbili.
Nimekubali bila kusoma,
Mungu anisamehe, na aliyeziandika pia.

Asilimia arobaini. Sitini na moja.
Sitini na moja.
Sitini na moja.
Tisini na tatu, kisha giza:
LUKU imekata, ile ya elfu mbili
niliyoapa ingefika Ijumaa.
Betri ya mashine hii ilikufa kabla sijainunua.
Nikakopa umeme kwa simu, nikaingiza tarakimu ishirini
kwa kidole kimoja, midomo ikicheza.
Taa ikarudi. Mashine ikarudi.
Ikaanza sifuri.

Kunakucha, ikamaliza. "Imesakinishwa," ikasema.
Nikaandika jina la lugha, nikabonyeza.
Amri haijulikani.
Nikaandika tena, kwa adabu zaidi.
Amri haijulikani.
Imo ndani! Nimeiona kwa macho yangu,
megabaiti mia nne za mgeni na mizigo yake,
na mwenye nyumba anaapa hamjui.

Saa kumi na mbili na nusu baba akafungua kibanda,
hakuniuliza kitu, alikuwa na kesi yake:
spana namba kumi na tatu haionekani.
"Ipo," Mhina akasema, "niliitundika."
"Wapi?"
"Kule nyuma."
"Ukitundika kitu pengine, sema pengine ni wapi!
Mimi natafuta ninapopajua!"
Alikuwa anamwambia Mhina.
Aliyesikia ni mimi.

Kwenye mipangilio wanaiita njia:
orodha ya mitaa ambayo mashine hupita ikiitwa jina,
kama tarishi anayejua Barabara ya Kwanza
hadi ya Kumi na Tatu, basi,
na lugha yangu imepanga chumba mtaa huu huu wetu.
Nikaongeza mstari mmoja.
Nikaukosea mara mbili: nukta pacha ilizidi,
kisha mkwaju ukalalia kushoto badala ya kulia
(huu si mkwaju wa kutia kwenye mchuzi,
ingawa uchachu wake nimeuonja).
Nikafunga dirisha, nikafungua.
Nikaita.
Ikaitika: namba ya toleo tu,
moja, nukta, sifuri, nukta, nne,
nami nikaisoma mara tatu
kama matokeo ya mtihani yaliyobandikwa ukutani.

Programu yangu ya kwanza ina mstari mmoja.
Inaandika neno moja.
Nikalisoma kwa sauti lilipotokea: "Hodi."

"Karibu," baba akajibu kwa mazoea,
kichwa kiko ndani ya gurudumu,
kisha akageuka kuona nani ameingia.
Mlangoni hapakuwa na mtu.
Akanitazama, akaitazama skrini.
"Usiku kucha, na umeme wa mkopo,
kwa hilo tu?"
"Kwa leo, hilo tu."
"Haya. Iondoe kwenye pipa.
Nataka grisi."